Kabla hujamwandika yule mwanamke wa Kitonga

Hadithi yenyewe unaijua. Lori linapandisha mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, saa nane za usiku, limejaa mbolea, linakwenda mwendo wa kinyonga. Kwenye kona moja taa zinammulika mwanamke kasimama ukingoni mwa korongo, nguo nyeupe, miguu mitupu. Dereva anamhurumia, anasimama. Mwanamke anapanda, hasalimii. Wanapotokeza Ilula dereva anageuka kumuuliza anashukia wapi, anakuta kiti kitupu na kimelowa chapachapa.

Mimi nilisimuliwa na utingo mmoja aliyekuja kibandani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, kubadilishiwa zipu ya jaketi. Tangu siku hiyo nimesimuliwa tena kwamba ni Mlima Nyoka, na mwingine akaapa ni kona za Kawetere, njia ya Chunya. Mlima unabadilika, nguo nyeupe iko palepale.

Kazi yangu ya mchana ni cherehani. Usiku, watoto wakishalala, naandika simulizi za kutisha na kuzisoma kwa sauti kwenye grupu la WhatsApp, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, mpaka iishe. Huu ni mwaka wa tisa. Vijana wananitumia hadithi zao niwapitishie jicho, na karibu zote anayetisha ni mwanamke. Ni kizee cha kijijini, au jini la barabarani, au mama wa kambo, au mke aliyekufa akarudi. Wanaume wanaouawa ndani ya hadithi hizo wana majina, wana kazi, wana timu wanayoshabikia. Mwanamke hana jina. Ana kucha.

Nawaandikia hao vijana, na yeyote anayetaka kumwandika mwanamke wa kutisha. Sisemi usimwandike. Mimi mwenyewe nampenda na siwezi kumwacha. Nataka umwandike vizuri, na usimuumize mtu aliye hai, maana mimi nilishamuumiza mmoja.

Nani alimshusha?

Yule utingo alipomaliza nilimuuliza, "Sasa mdogo wangu, huyo mwanamke nani alimshusha pale?"

Akacheka. "Mama Atu, yule si mtu."

Nikamwambia kabla hajawa si mtu, alikuwa mtu. Pale Kitonga upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande mwingine ni korongo. Mwanamke hafiki pale usiku wa manane, bila viatu, kwa miguu yake. Alikuwa ndani ya gari, na gari lina dereva. Kijana akanyamaza, akaanza kuivuta ile zipu mpya juu na chini. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kuona dada mmoja akishushwa porini kwa sababu alikataa kutoa alichoombwa badala ya nauli. Hakuongeza neno, nami sikumchimba. Alilipa akaondoka.

Hadithi yangu ilianzia hapo. Nami ndivyo ninavyokushauri uanze: kabla ya sentensi ya kwanza, chana karatasi ya daftari uandike kilichompata. Aliitwa nani. Siku moja kabla ya kufa alikuwa anashughulika na nini. Nani alikuwa naye mara ya mwisho. Nani alipumua vizuri aliposikia amekufa. Hili la mwisho ndilo zito, usiliruke. Sehemu kubwa ya karatasi hiyo haitaingia kwenye hadithi, lakini msomaji ataisikia chini kwa chini, kama unavyosikia maji ya Kiwira kabla hujauona mto wenyewe.

Ukichungulia mizimu ya kike ya nchi za mbali utakuta karatasi hiyo kila mahali, ila wasimuliaji wengi wameipitia mbio. Malaysia na Indonesia wana pontianak, mwanamke aliyekufa na mimba au akijifungua. Husemwa akikaribia unasikia kwanza harufu ya maua. Dawa yake ni msumari: ukimpigilia kwenye ukosi, anageuka kuwa mwanamke mzuri, mke mtulivu anayepika na kuzaa, na msumari ukitoka anarudi kuwa pontianak. Siku niliposoma habari za huo msumari nilisimamisha cherehani nikashika shingo yangu mwenyewe. Mtu aliyeitunga sehemu hiyo kwa mara ya kwanza alijua sana anachokisema kuhusu ndoa, iwe alikusudia au hakukusudia.

India wana churel. Naye ni mwanamke aliyefia uzazini, au aliyekufa kwa kuteswa na wakwe, na anatambulikana kwa miguu iliyogeuka, visigino mbele na vidole nyuma. Anaporudi, anaanza na wanaume wa nyumba ileile. Mexico wana La Llorona, mama anayelia mtoni akitafuta watoto aliowazamisha mwenyewe baada ya kuachwa na mume. Na Medusa wa Wagiriki, huyu mwenye nyoka kichwani, mshairi wa Roma aitwaye Ovid alieleza miaka kama 2,000 iliyopita kwamba alikuwa msichana mzuri, mungu wa bahari akambaka ndani ya hekalu la mungu wa kike, na adhabu ya nyoka ikamwangukia yeye aliyebakwa. Kisha akatumwa kijana shujaa kwenda kumkata kichwa.

Umeona ni wangapi waliofia uzazini? Hilo halikuja kwa bahati. Kifo hicho kila kijiji kilikiona na hakuna aliyejua amlaumu nani, basi wakamwogopa marehemu. Na sisi tusijione tuko mbali nacho. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulikuta Tanzania wanawake 556 wanakufa kwa sababu za uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 104. Idadi imeshuka sana na namshukuru Mungu, maana mwanangu wa pili nilimzaa kwa shida. Lakini ukitaka kuandika mwanamke aliyekufa na mimba akarudi kusumbua kijiji, jua kwamba kati ya watakaokusikiliza yupo aliyemzika dada yake hivyo. Mwandikie huyo kwanza. Mwambie gari lilichelewa wapi usiku ule, na nani alisema tusubiri kukuche.

Futa kila alichonacho bibi yako

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka wa tatu wa kuandika nilitoa simulizi ya kizee mchawi. Ilikuwa Januari, nina rundo la sare za shule, sina muda wa kufikiri, nikachukua kilichokuwa karibu. Nilimchukua bibi mmoja jirani wa mama yangu, kijijini kwetu Rungwe. Nikaandika macho mekundu. Nikaandika mgongo uliopinda, jino moja la mbele, nyumba iliyo peke yake ukishavuka migomba, mianzi nyuma yake, mlango wa bluu. Nilichobadilisha ni jina tu. Nikasoma kwa sauti yangu nzito ya usiku, watu wakaipenda kuliko zote nilizowahi kutoa, wakaisambaza.

Baada ya wiki mbili mama akapiga simu. Hakusalimia. Mama yangu, ambaye kwake salamu haziishi, hakusalimia. "Mwanangu, sauti yako iko kwenye simu za vijana wote huku. Umemwandika nani?"

Watoto wa shule walikuwa wameshaacha kupita njia ile, wanazunguka na mashamba ya chai. Wanawake kisimani walianza kumwachia bibi nafasi kubwa kuliko heshima inavyotaka. Kisha yakaanza mawe juu ya bati, usiku. Usiku wa tatu jiwe moja lilipita dirishani likaangukia kitandani, upande ambao mjukuu huwa analala. Mtendaji aliitisha mkutano, akafoka, na mambo yakatulia, lakini bibi alichukuliwa na binti yake akakae Chimala. Alikaa miezi miwili katika joto asilolizoea.

Aliporudi nilipanda gari asubuhi nikaenda kuomba msamaha. Nilimkuta jikoni. Jiko lake ni la matofali ya udongo, halina dirisha, mlango mdogo, mafiga matatu katikati. Kuni zilikuwa mbichi, za mkaratusi, maana mvua ya Tukuyu haikupi nafasi ya kukausha kitu. Alikuwa anapika mbalaga, ndizi za kwetu. Moshi haukutoka. Ulipanda, ukagusa bati, ukashuka tena ukatukalia usoni. Yeye alikuwa ameinama karibu kabisa na figa anapuliza, kisha anasubiri, kisha anapuliza. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta, kama mtu asiye na habari kwamba yanatoka. Mimi nilikaa pale nusu saa, nikakohoa, nikatoka nje mara mbili. Niliporudi kwa mama nikajitazama kwenye kioo cha ukutani. Macho yangu yalikuwa mekundu vilevile nilivyomwandikia yeye.

Nusu saa tu. Yeye amepika humo tangu akiwa msichana.

Na ule mgongo ni wa kuni na wa kuchuma chai, kikapu mgongoni miaka na miaka. Nyumba iko peke yake kwa sababu watoto wamekwenda mjini kutafuta maisha, kama mimi nilivyokwenda. Hakuna hata kitu kimoja nilichokitumia kutisha watu ambacho hakikuwa alama ya kazi aliyoifanya.

Nilimwambia, "Bibi, nisamehe." Aligeuza ndizi kwa mwiko, akafunika chungu. "Nilijisikia mwenyewe kwenye simu ya mjukuu," akasema. "Nilijijua kwa mlango."

Tangu siku hiyo kazi yangu ina hatua hii, na siiruki. Ukimaliza rasimu, orodhesha kila kitu cha mwilini ulichokitumia kutia hofu. Macho, meno, mikunjo, matiti yaliyolala, mvi, kibyongo, sauti ya kukwaruza. Kisha mfikirie bibi yako mzaa mama, au bibi yeyote unayemwamkia asubuhi, na ufute kila alichonacho. Usione huruma. Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale ni ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, au ni ya trakoma, ugonjwa ambao wanawake huupata zaidi kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Hadithi ya kizee mwenye macho mekundu si mchezo katika nchi hii. Ipo panga linaloisubiri.

Utaniuliza, nikifuta vyote hivyo kinabaki nini cha kutisha? Kinabaki kile ambacho ni yeye tu anacho, na hicho ndicho kitakachomnyima msomaji usingizi. Nilimwandika upya kizee wangu. Sasa ni bibi msafi, meno yake yote yapo, nguo zimepigwa pasi. Anakutana na kijana njiani, anamwamkia kwa upole, na anamwita kwa jina ambalo mama yake alimpa kabla ya kubatizwa na hakuwahi kumwambia mtu. Wasikilizaji waliniandikia kwamba waliogopa kutoka nje kwenda chooni. Na hakuna bibi yeyote aliyepigiwa bati.

Pia usiweke mlango. Namaanisha usiweke mlango wa kweli, mti wa kweli, kisima cha kweli. Tunga kijiji. Milima ya kwetu ni mingi, weka kingine katikati yake.

Uchawi wa wanaume mmeupeleka wapi?

Vijana wengine wananijibu kwamba hata wazee walisema mchawi ni mwanamke, ndivyo ilivyo. Siyo. Inategemea nani alikuwa anasimulia na wapi.

Mwaka 1486 mtawa mmoja wa Kidominiko, Heinrich Kramer, alichapisha kitabu cha kuwasaka wachawi, akadai humo kwamba neno la Kilatini la mwanamke, femina, limetokana na maneno yenye maana ya imani pungufu. Neno hilo halikutokana na hayo hata kidogo, lakini kitabu kilichapwa tena na tena. Katika karne zile za kuwinda wachawi Ulaya, wanahistoria wengi wanakadiria waliouawa kati ya 40,000 na 60,000, na kama robo tatu yao walikuwa wanawake. Lakini kisiwani Iceland, katika karne ya 17, waliochomwa moto karibu wote walikuwa wanaume. Bara lilelile, dini ileile, na sura ya mchawi ikawa nyingine.

Hata hapa kwetu. Monica Wilson, mtaalamu wa mila aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwamba watu walimwamini mchawi kuwa na chatu tumboni, na mchawi huyo aliweza kuwa mwanamume au mwanamke. Kilichonishangaza ni kwamba walinzi wa kijiji, abamanga, wale wanaoona wachawi usiku ndotoni na kupambana nao, nao walikuwa na chatu haohao tumboni. Nguvu ni moja. Tofauti ni kazi unayoipa.

Hiyo ni zawadi kwa mwandishi. Nimeandika simulizi ya mama wa makamo, muuza parachichi, ambaye usiku chatu wake anaamka na kuzunguka kijiji kuangalia nani amelala njaa. Anatisha kupita wote niliowaandika, na wasikilizaji walimlilia alipougua.

Kuhusu nywele na kwato

Hili ni fupi. Mizimu mnayoniletea ina nywele ndefu nyeusi zimeanguka usoni na gauni jeupe. Hiyo ni sanda na ni desturi ya maziko ya Japani: mwanamke aliye hai zamani alifunga nywele, maiti ndiye aliyefunguliwa, na nguo nyeupe ni kimono ya kuzikiwa. Kwao ina maana nzito. Mzimu wa Makambako akiwa na nywele hizo, msikilizaji anajiuliza kasukia saluni gani. Bibi yangu mzaa baba alizikwa na sweta lake la kijani alilolifuma mwenyewe, lenye kifungo kimoja tofauti. Nikiliona sweta hilo usiku mlangoni, nadhani moyo utasimama. Tafuta sweta lako.

Kwato ni habari ndefu kidogo. Lile jini la pwani, mwanamke mrembo anayenukia udi, mwanamume anamfuata hadi chumbani, anatazama chini anaona kwato, limepanda mpaka huku. Siku hizi linashuka kwenye baa za Mafiati na Tunduma. Ukitaka kulitumia, jiulize kwanza nani anasimulia. Ni huyo mwanamume, siku zote. Karudi nyumbani alfajiri bila mshahara, mkewe anamuuliza, naye ana jibu: nilikutana na jini. Sasa jaribu kuisimulia kutoka kwa mke aliyekaa macho. Acha kwato zilivyo, zisitoke. Lakini mke naye asikie kishindo uani, ko, ko, ko, kabla mume hajagonga, na mgeni aongee naye kupitia dirisha na kumwambia mshahara wote umeishia wapi. Utaona jinsi hofu inavyohama kutoka kitanda kimoja kwenda kingine.

Mtishe kweli

Wapo wanaonielewa vibaya wakaniletea mzimu mpole, aliyeonewa, anayelia tu. Msomaji anamhurumia na kulala usingizi mzuri. Hapana. Mwanamke aliyedhulumiwa akarudi ana haki ya kutisha, usimnyime.

Hofu inakaa kwenye kitu kidogo kilichotazamwa kwa karibu. Wajapani wana Oiwa, kutoka tamthilia ya kabuki iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1825 huko Edo, ambayo leo ni Tokyo. Tajiri mmoja anataka mume wa Oiwa amwoe mjukuu wake, Oiwa analetewa dawa ambayo kumbe ni sumu ya kumharibu uso. Kinachotisha kupita vyote ni pale anapokaa kujipamba, anachana nywele, na zinatoka na kitana, mafungu kwa mafungu, naye anaendelea kuchana. Karibu miaka 200 imepita, na waigizaji hadi leo wana desturi ya kwenda kumwombea kabla ya kuicheza. Kuchana nywele tu. Kila mwanamke ameshika kitana asubuhi.

Nikuonyeshe kwa mwanamke wetu wa Kitonga. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Ghafla mwanamke akamgeukia, macho yanawaka kama moto, kucha ndefu, akaangua kicheko cha kutisha." Umeshasoma hiyo mara mia. Wala haisemi neno lolote kuhusu kilichompata. Baada ya kuongea na yule utingo niliandika hivi:

Mwanamke alikuwa ameshika noti ya elfu tano, imekunjwa mara nne, imelowa. Kila dereva alipobadili gia, alimnyooshea. "Sitaki hela, mama," dereva akasema. "Nakusaidia tu." Kona ya pili akamnyooshea. Kona ya tatu. Maji yalidondoka kutoka kwenye noti yakaangukia mkono wa dereva, ya baridi. "Nimesema sitaki hela yako." Mwanamke akairudisha mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Yule naye alisema hivyo," akajibu.

Hakuna kucha wala kicheko. Nilipoisoma kwa sauti niliifuatishia ukimya wa sekunde nne, nikaisikia mvua kwenye bati langu, nikaacha iingie kwenye rekodi. Dereva mmoja wa Vwawa aliniambia tangu hapo hajabeba mwanamke bila kumwambia mapema, mbele ya utingo, nauli ni shilingi ngapi.

Na mwanamke mwovu kweli, je, yupo? Yupo, mwandike. Mama wa kambo mkatili yupo, wifi mwenye roho mbaya yupo, mimi nimewaona. Mpe jina, mpe anachokitaka, mpe siku moja aliyokuwa mwema. Uovu wake uwe wake, usiwe wa kila mama wa kambo, maana wapo wanaolea watoto wasiowazaa na wanakusikiliza wakiwa wanawaogesha.

Anavyoondoka

Hadithi nyingi zinamaliza kwa kummaliza yeye. Mchungaji anakemea, mganga anachoma moto, kijana anapiga msumari. Kabla hujafanya hivyo rudi kwenye ile karatasi uliyochana mwanzo, tazama ulimwandika nani aliyepumua vizuri alipokufa. Yuko wapi huyo mtu mwisho wa hadithi? Kama amekaa sebuleni anakunywa chai na mzimu ndio umechomwa, bado una kazi. Mimi huwa sipendi hata yule mtu afe, kufa ni rahisi. Napenda aseme. Aliseme mbele ya watu lile alilolificha, kwa sauti, na mwanamke awepo pembeni akisikiliza.

Kisha, kabla ya kutuma popote, nenda kamsomee mwanamke mzee. Asiwe anayekupenda sana. Msomee taratibu, utazame uso wake, na anapokunja uso simama umuulize.

Mimi humsomea yuleyule bibi wa Rungwe. Nilichangisha kwenye grupu tukamtobolea jiko dirisha na kumwekea bomba la moshi, hata hivyo anapenda tukae nje kwenye kigoda, jua likiwepo. Mwezi uliopita nilimpelekea Kitonga yote, tangu noti iliyolowa hadi dereva yule wa kwanza, aliyemshusha, anapokiri stendi, mchana kweupe, abiria wamejaa, na mwanamke anashuka kwenye kiti na kwenda zake. Alisikiliza hadi mwisho bila kukunja uso hata mara moja. Nikaona nimepita.

"Nzuri," akasema. "Na zile hela, alikuwa anampelekea nani?"

Nikamwambia ni nauli, bibi.

"Nauli angeishika kwapani kama watu wote. Hela iliyokunjwa mara nne ni ya mtoto, ya shule." Akanitazama. "Huyo mtoto amelelewa na nani?"

"Sijui, bibi."

"Basi hujamaliza, Mama Atu."